Orodha Nyuma ya Karatasi ya Dawa

Duka letu liko juu ya muuza magodoro, Mwembe Tayari.
Ngazi ya tatu imevunjika; mzoefu huiruka bila kutazama.
Yeye aliikanyaga. Nikajua: mgeni.
Akanipa karatasi ya hospitali, nyuma yake orodha
kwa mwandiko wa mtu aliyekesha.

Kadi ya picha, ile kubwa, ya feni tatu.
Kasha la kioo, taa za rangi ubavuni.
Prosesa: yoyote. Pawa saplai: ya bei nafuu.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kuomba radhi:
elfu sitini na tano.

Nikacheka puani. Mwaka wa kumi na moja naziona orodha hizi:
bwana harusi kashonewa joho la zari
na ndani hana kikoi.

"Nyumbani wapi?"
"Mtongwe."
"Dirisha laangalia wapi?"
"Baharini."

Basi nikalivuta sanduku la maiti chini ya meza.
Ubao mama wa mtu wa Nyali, pini zimeota kijani.
Kadi ya Bamburi, chumvi imezishika feni kooni.
Na hii, nikamwambia, pawa saplai ya bei nafuu, ya Tudor:
stima ilikatika, ikarudi usiku na hasira zake,
ikaondoka na hii na jamaa zake wote waliofungwa nayo.
Nusa.
Akanusa.

"Ulichokiandika mwisho ndicho huanza.
Hilo ndilo tumbo. Mwili hauli kwa nyusi."

Yeye akasema taa. Mimi nikasema feni.
Akasema taa.
Bwana Jivraj, nyuma ya kikokotoo chake:
"Tima, mteja ataka taa. Mpe taa."

Nami nikiri: kadi ile ilikuwa kabatini toka Ramadhani,
na asilimia yangu imekaa juu yake kama kuku juu ya yai.
Lakini ulimi ukanitangulia, ukauliza
swali tusilolipenda dukani:
"Kwani wachezani?"

Akatazama viatu.
"Mpira tu. Na kaka'ngu, Nassoro.
Yuko Doha, mlinzi wa hoteli, mwezi wa kumi na tisa huu.
Akitoka zamu saa nane usiku, twacheza.
Simu yangu hukwama: mimi nishafunga bao,
kwake bado niko katikati ya uwanja.
Sauti ndiyo mbaya zaidi. Yeye hucheka,
kicheko chanifikia nimeshakasirika."

Nikachukua kalamu.

Feni tatu, nikazikata. Kioo, nikakikata.
Prosesa yenye picha zake ndani, mpira yauweza na ziada.
Ramu giga kumi na sita, vipande viwili pacha.
"Mbona viwili?"
Gunia moja, wapagazi wawili.
Pawa saplai, ipime mkononi kwanza: nyepesi ni mwongo.
Diski ndogo ya kasi. Runinga ya nyumbani yatosha.
Kasha la bati, jeusi, baya, lenye chujio la vumbi.
Waya wa intaneti mita kumi na tano,
upite juu ya mlango wa mamako, usimkwae.
Na maiki. Hapo ndipo nilipokuwa mbadhirifu:
elfu nne na mia tano,
kwa kitu ambacho hakukiandika kabisa.

Bwana Jivraj alijumlisha mara mbili, akitafuta kosa.
Zikabaki elfu saba. Kijana akazishika kama si zake.

"Risiti niiandike nani?"
"Hamadi Mwatsahu."
Kisha, mlangoni, kwa sauti ya chini: "Na taa?"

Kwenye droo mlikuwa na mkanda wa taa, mabaki ya mtu,
nusu yake yawaka buluu, nusu haijaamua.
Nikampa bure. Ana miaka kumi na tisa;
mimi nami si jiwe.

Wakati wa kushuka, ngazi ya tatu aliiruka.

Kadi iko kabatini hadi leo.
Kila asubuhi naifuta vumbi,
nayo yanitazama kwa mato yake matatu.