Redio ya Upepo

Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
juu ya bati la Shekue antena imeanikiwa kanga.
Redio ya upepo ya shamba la mkonge, Maramba,
kaibadilisha kwa pasi ya mkaa.
Tulicheka. Nani atalijibu boksi hili
na kila mfuko una simu?

Usiku ule mvua ikaangusha mnara;
simu zikawa vioo vya kujitazamia.
Shekue akabonyeza: "Kuna mtu? Ovaa."
Mkwaruzo tu, mchanga juu ya bati.
Akarudia.
Kisha, Muheza huko au mbele yake,
sauti ya mwanamke, dereva wa lori la machungwa:
"Nakupata, kaka. Daraja limekatika, msije. Ovaa."

Hakuuliza jina. Hakutaka picha.
Nami nikang'amua, uzee huu:
ukishikilia kitufe husikii kitu,
achia, ndipo mwenzio apate mdomo.

Asubuhi mnara ukasimama,
kanga ikarudi kwenye antena.
Zitarudi redio hizi? Msiniulize mimi.
Ila jana Mwanaidi wa jirani, miaka tisa,
kaja na spika mbovu, waya wa kengele shingoni:
"Shekue, ya kwetu itafika Pongwe?"