Liki ya Ndanda, Maji ya Newala

Zimepanda na bodaboda, zimefungwa kamba ya mkonge,
mashina saba, marefu kama mkono wa mtoto
anayejua jibu darasani.
Somoe amechomeka karatasi: *Hizi ni liki. Usiniulize tena.*

Fundi Chilindima, mteja wangu wa kwanza kila siku, akacheka:
"Mama Likoko, kitunguu hiki kimekosa kichwa!"
Nikasema kichwa kinacho,
ila kimekisambaza mwili mzima,
si kama wengine ninaowapikia.

Kazi ni mchanga.
Ndanda wana chemchemi, liki hunywa hadi ikasaza,
na mkulima huipandishia udongo shingoni
ili shina libaki jeupe, lisilojua jua.
Basi kila tabaka limeficha chake,
kama hela kwenye pindo la kanga.
Kata bila kufunua, na meno ya mteja yatakusemea.
Nami niko juu huku, Newala,
ambako ndoo ya maji ina bei, na bei ina kiburi.

Kwa hiyo naosha kwa hesabu.
Napasua shina, naacha kitako kimeshika,
nafunua kurasa moja moja ndani ya beseni la bluu.
Maji ya kwanza, mekundu: yaende kwa mpapai.
Maji ya pili yana wingu tu: yatasugua masufuria.
Ya tatu nayainamia, natazama chini.
Punje tatu. Nne.
Bonde zima limepanda mlima kwa nauli yangu.

Kisha kisu, vipande vya unene wa kifungo,
mafuta kidogo, mkaa unaosinzia, kifuniko.
Usiiharakishe. Liki iliyoungua ni chungu,
na uchungu wake haufichiki kwa chumvi.
Ukiipa muda hulainika, hutoa utamu wa chinichini,
harufu ya kitunguu kilichokwisha kusamehe.
Hapo ndipo namimina korosho nilizotwanga,
zile vipande, zilizokataliwa ghalani,
na kunde zilizokuwa motoni tangu adhana.
Ugali wa muhogo pembeni.
Mavyaa, ambaye kitunguu maji humchoma kifua hadi usiku wa manane,
alikula, akangoja kiungulia,
akangoja tena,
akalala.

Majani ya juu, yale magumu, Somoe anasema hotelini huyatupa.
Nesi Ludgera aliposikia, kijiko kilisimama hewani.
"Wanatupa kijani? Mna vitamini humo, A na K,
mna folati ya huyu," akamwonyesha mkamwana wangu,
mimba ya miezi minne, anayechagua chagua kama kuku,
"na nyuzinyuzi za huyu," akamwonyesha fundi,
ambaye hakuuliza ni za nini.
Mzee Nampunju akasukuma bakuli lake:
yeye anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda,
na kliniki walimwonya kuhusu majani.
"Walikwambia usibadilishe ghafla," nesi akasema.
"Leo usijaze bakuli, kesho usisuse. Na daktari wako ajue."
Mzee akalirudisha bakuli, nusu,
akala akimwangalia nesi.

Mimi hayo majani nayakata membamba kama uzi
nayatupia kwenye supu ya kichwa cha changu.
Yanachelewa kuiva. Nami sina pa kwenda.

Saa tisa sufuria likalia tupu.
Vitako saba, vyenye mizizi kama ndevu za beberu,
nikavisimamisha kwenye kopo la maziwa
ndani ya yale maji ya tatu,
maana sikuwa na moyo wa kuyamwaga.

Siku ya tatu Chilindima akachungulia:
"Kile kisicho na kichwa, leo kipo?"
Nikamsogezea kopo.
Katikati ya kila kitako, kijani,
urefu wa ukucha wa kidole gumba.
Akatazama muda mrefu, kofia mkononi, kama yuko msibani au arusini,
sikujua ni wapi.

"Na deni lako la juzi," nikasema,
"lenyewe limeota kiasi gani?"