Mpiga Besi Hana Kadi

Tukuyu, Juni, saa kumi na mbili jioni.
Ukungu umeingia ukumbini kabla ya maharusi.
Baridi imevuta nyuzi, sauti zimepanda,
napuliza vidole kama anayewasha kuni mbichi.
Andembwisye anatafuta soketi inayoshika,
Gwakisa anakaza ngoma kwa spana namba kumi
aliyotoka nayo gereji, bado ina grisi.

Sisi ni Bendi ya Sauti ya Uyole,
jina refu kuliko mtaji.
Spika za kukodi, Noah ya kukodi,
hata suti ya mwimbaji ina mwenyewe,
na mwenyewe anaitaka kesho, ibada ya kwanza.
Mchana mimi napima viazi:
debe, gunia, lumbesa.
Usiku napima hatua za watu.

Mhazini wa kamati ana daftari, kalamu sikioni.
"Mlisema watano. Mbona naona sita?"
Wa sita ni mtoto wa Gwakisa, kaja kubeba nyaya.
Sahani zimehesabiwa kwa kadi,
singo, dabo,
na mpiga muziki hana kadi.

Anaingia bibi harusi.
Hatua mbili mbele, anasimama,
moja nyuma.
Mlangoni hadi jukwaani dakika kumi na nane,
na wimbo wenyewe una mistari minne,
tunauzungusha
kama mtu anayetafuta ufunguo nyumbani kwake.
Mashangazi wanapiga vigelegele, kamera inanipita.
Kwenye video nitakuwa kiwiko.

Besi haisikiwi na mtu.
Ila nikiinua kidole
utaona watu wanageuka kutazama viti vyao.

Saa tano MC akasema, "Bendi pumzikeni kidogo, DJ atusogeze."
Kidogo hicho kiliisha saa nane.
Tulikula jikoni, tumesimama,
ukoko wa wali na ndizi zilizopoa.
Mama mmoja mwenye upawa akatuambia, "Ndaga."
Hilo ndilo shukrani la usiku mzima,
nalo lilitoka jikoni.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja.
Tupokigwe yuko macho, maji hutoka alfajiri tu.
Anazipanga noti kitandani:
hii ya spika, hii ya Noah, hii ya nyuzi,
hii
(anaitazama kidogo)
kopo la ada.
Natoa keki mfukoni, kwenye karatasi, imebonyea.
Anakula amesimama, kama sisi kule jikoni.

Miaka kumi na moja.
Mahari nilipeleka nusu; ng'ombe wa pili bado ni maneno.
Kamati yetu ilikaa mara moja,
ikanywa soda, ikaahidi, ikatawanyika.
Nimewaingiza ukumbini maharusi mia na kitu;
wangu alikuja usiku na begi moja,
mvua inanyesha, mbwa wanabweka.

"Alivaaje?"
"Sikumwona. Kule nyuma naona viatu tu."
"Vikoje?"
"Vyeupe. Cha kushoto kilimbana.
Alikuwa anachelewa kidogo kila hatua, ikabidi nimsubiri."
Akacheka, makombo yakamtoka mdomoni.
"Kumbe huwa mnawasubiri."

Akachukua ndoo, akavaa kandambili.
Mlangoni akasimama.
Hatua mbili.
Akasimama.
Moja nyuma.
"Haya. Fanya kazi yako."

Besi bila umeme ni panya darini.
Nikalivuta gitaa hadi kizingitini, nikapiga
ule wa mistari minne,
naye akaupita ua, akaupita mti wa parachichi,
akapita dirisha la mama Syabumi, likafunguka,
likabaki wazi,
wala hakuharakisha.

Bombani kulikuwa na ndoo tisa kwenye foleni.
Akaweka yake ya kumi.
Mimi bado napiga.