Kwa Ndahani, Anayeuliza Mwezi Gani

Umeuliza mwezi gani ni mzuri
mje, wewe na Marja na watoto,
kana kwamba miezi huku imepangwa dukani
na mimi ndiye muuzaji.
Haya. Nimeshusha ukutani kalenda ya ushirika,
ile yenye picha ya trekta tusilowahi kuliona,
nimekaa na kalamu.

Aprili hapana.
Bunge linaketi kwa ajili ya bajeti, na pale mjini
chumba cha elfu ishirini kinavaa tai,
kinaitwa elfu sitini.
Pasaka nayo haitulii, na Idd, unajua,
haisomwi kwenye karatasi:
Bi Hadia, jirani yetu aliyetoka Kondoa,
hupanda juu ya kichuguu magharibi,
akishuka anacheka ndipo tunajua kesho ni pilau.

Mei ningependa.
Uwele umeinamisha vichwa,
watoto wanapiga makopo kufukuza ndege tangu alfajiri,
na mtu yeyote ukimpita anatafuna kitu.
Lakini umesema shule za huko hazifungwi Mei.

Oktoba usiitaje.
Jua la Oktoba linahamia ndani ya bati
kama mpangaji asiyelipa kodi,
na ng'ombe wa Mlewa wanalamba kivuli cha ukuta.

Marja ameandika kwamba anataka Krismasi ya joto.
Mwambie joto lipo. Kilichokosekana ni maneno.
Desemba mbegu ziko chini, kwenye vumbi,
na mgeni atatukuta tumenyamaza mezani
si kwa sababu tumemchukia.
Tunasikiliza bati.

Basi inabaki Julai, mwezi wenu.
Barabara kavu, anga limefagiliwa,
treni ya umeme itawaleta kutoka Dar
kabla watoto hawajamaliza kuuliza tumefika.
Ila mwambie Marja nguo za kuogelea aziache,
bahari yetu ni ndoo.
Alete masweta.
Najua amesoma kwamba nchi za jua hazina baridi;
aliyeandika hajalala Mvumi upepo wa Julai ukipita chini ya mlango.
Watoto waliozaliwa kwenye theluji watatetemeka huku,
nasi tutacheka, Mungu atusamehe,
halafu tutawafunika blanketi la mama,
lile la mistari, bado lipo.

Nimezungushia duara tarehe kumi na mbili.

Mama akaja, mikono ina unga,
akaliangalia lile duara.
Akauliza: Anakuja kulima?
Nikamwambia, mama, Julai kuna nini cha kulima.
Akasema: Ahaa. Mgeni.
Akarudi jikoni.

Sikutaka kukuandikia hilo.
Nimelikata mara mbili, na mara mbili nimelirudisha.

Julai njooni. Duara sijalifuta.
Jogoo mwekundu ana siku zake, anajua, ananikwepa.
Tutawapeleka Hombolo waone maji,
tutapiga picha, Marja atapenda,
na mtaondoka bado tunapendana.

Lakini mwaka mwingine, peke yako,
ukipata hata siku tisa,
funua ukurasa wa kwanza kabisa,
mwezi ambao tiketi zake labda ni rahisi
kwa kuwa hakuna anayeutaka huku:
ghala linaonyesha sakafu,
korongo limekata njia ya kwenda zahanati,
magugu yanakua usiku tukiwa tumelala
na mama anayang'oa ameketi, magoti hayakubali tena.
Ni mwezi uleule ulioondoka,
viatu umevishika mkononi,
suruali umeikunja, hukugeuka,
au uligeuka na mvua ikatuzibia.

Sisemi uje. Nimeulizwa mwezi gani ni mzuri, najibu.

Ila ujue jana, bila kuniaga,
alibeba jembe lako hadi kwa Chilongani
likabadilishwa mpini.
Ni mti wa mkole.
Ameuegemeza nyuma ya mlango,
na chumba kizima bado kinanuka ubichi.