Pasi Mbili

Seeb, saa sita usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Wamenipa filamu niiandikie Kiarabu chini ya picha,
kwa kuwa bibi yangu alizaliwa Wete
na Kiswahili nimekinyonya.

Mwanamke hana uso.
Wamemfunika ukungu, wamemwachia mikono.
Dakika ya arubaini na moja anasema:
"Walikuwa na pasi zangu mbili.
Ya moto, mgongoni. Ya safari, kabatini."
Anacheka kidogo.

Nasimamisha. Narudisha. Nasimamisha.
Kiarabu kina neno kwa kila moja,
hakina moja la zote mbili,
na kile kicheko nakiandikaje?

Nyuma yangu sahani zimenyamaza.
Semeni kasimama mlangoni, povu hadi viwikoni.
"Wa Muheza huyo," anasema. "Nasikia anavyovuta maneno."
Kisha, taratibu, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:
"Na hiyo ya kabatini, walimrudishia?"

Filamu haisemi.
Mistari miwili tu kila picha, ndiyo sharti,
nami nahesabu herufi,
kiwiko kimelalia droo
ambayo ufunguo wake ninao mimi.