Namba Thelathini na Moja

Miche arobaini ndani ya kitalu cha wavu,
kila mmoja na kibati cha namba shingoni,
maana jina hupendelewa, namba haipendelewi.

Nafyonza kwa bomba lisilo na sindano
maji yenye ukungu kidogo, ukungu ulio hai,
nabana jani changa kati ya vidole viwili,
nalinywesha upande wa chini, penye matundu ya pumzi,
hadi likolee kijani kama nguo iliyolowa.
Samahani, nasema. Kila jani, samahani.
Ayelén hucheka: "Zulma, ukiomba radhi mara mia sita
tutatoka hapa usiku."

Namba thelathini na moja ililetwa na Don Higinio Verón:
vijiti sita vya kubebesha, gazeti lililoloweshwa,
kikapu cha baiskeli, kilomita kumi na nne za vumbi jekundu.
"Mchungwa wa marehemu mke wangu," alisema.
"Mwaka ule wakaguzi walipochoma shamba zima
huu ulibaki nyuma ya nyumba, hauna doa.
Miaka ishirini na miwili, binti, hata kipele."
Akavua kofia mbele ya miche
kama aliyekuta misa imeshaanza.

Siku ya tano mbalungi ulikwisha salimu amri,
majani yamevimba malengelenge.
Mndimu nao, usiojua kumkatalia mgeni.
Siku ya tisa, mchungwa mdogo wa Kichina,
ule wa matunda ya dole gumba, yaliwayo na ganda,
ulifanya ajabu yake:
pale nilipotia ugonjwa pamekauka, kahawia, basi.
Umemfungia adui ndani ya chumba
na kukitia moto chumba.
Jani likadondoka. Mti haukugeuka kutazama.

Siku ya kumi na nne niliihesabu thelathini na moja
kwa lenzi na penseli.
Nikarudia. Nikamwita Ayelén ahesabu.
Madoa yenye kingo za manjano,
katikati pamepasuka kama gome kuukuu:
hamsini na matatu kwa jani moja.

Jumapili nilikwenda mwenyewe.
Mti upo, mzuri wa kukasirisha.
Nikauzunguka. Kusini, ukuta wa jikoni.
Mashariki, safu ya mivinje, imeshonana,
hata dhoruba itokayo mto Parana
hufika pale imechoka, inadondoka wima.
Bakteria husafiri kwa mvua ya upepo.
Hapa hawakupata nauli.

"Nani alipanda mivinje?"
"Yeye. Alichoka kuokota nguo zake barabarani."

Nilikuwa na maneno mawili mdomoni,
ukinzani na bahati,
na jedwali langu lina safu ya moja tu.
Nikamwambia. Safari hii hakuvua kofia.
Alikata chungwa kwa kisu cha mfukoni, akanipa nusu:
tamu, mbegu nyingi mno kwa soko.
"Kwa hiyo si mti," alisema.
Akatema mbegu. Akatazama juu, kwenye mivinje,
muda mrefu kuliko nilivyoweza kusubiri,
nikaaga kwa mkono unaonata.

Jumatatu, ukingoni mwa jedwali, kwa penseli:
*31. Huugua upesi. Uliza nani alipanda nini kando yake.*
Mkuu wa kituo atakifuta; hakina kipimo.
Kisha bomba, jani,
samahani.