Safu ya Mwisho

Padre wa filamu ana mafua.
Hilo ndilo lililonishika kwanza: anapenga kamasi
katikati ya hatari, kwa leso yenye kiraka,
na afisa mwenye glavu anamngoja amalize,
kwa adabu, kama mgeni aliyekuja kuposa.

Anataka kitabu cha ubatizo. Hicho tu.
Sista Ornella anatutafsiria nyuma ya mashine,
Kiswahili chake kikichechemea:
"Ndani mna watoto kumi na mmoja wa Kiyahudi.
Padre amewaandika kama Wakristo wa zamani.
Akitoa kitabu, watachukuliwa.
Asipotoa, watachukuliwa watu arobaini wa parokia.
Na uongo ni dhambi. Na yeye ni padre."

Ukumbi wetu, Malindi, Jumamosi ya Kwaresima.
Feni moja inazunguka, nyingine inafikiria.
Watoto wa katekesi wanabishana
kama ule weupe wote nje ni chumvi ya Gongoni.
Kina mama wa Ganda wameshakata shauri:
ampe kitabu kingine, wazungu watajuaje?

Nami, karani wa miaka ishirini na sita,
niliona kosa lake kabla ya afisa.
Wino. Wino wa juzi ni mweusi;
wa miaka kumi hugeuka rangi ya chai.
Angeniuliza ningemwambia, anika ukurasa juani,
siku tatu, ugeuze kama samaki.

Lakini mimi ni nani wa kumfundisha mtu kuficha?

Tsuma wa Kakuyuni alilala stoo yetu siku sita
kati ya viti vya plastiki na wachungaji wa pango la Noeli.
Kesi yake ilikuwa mvi.
Mvi, na macho mekundu ya moshi, na ekari nne.
Watoto wa nduguye walisema ni mchawi.
Padre akasema, "Mbodze, ufunguo kaa nao wewe."

Walikuja watatu. Wana adabu pia.
Mmoja nilimwandikia Kipaimara kwa mkono wangu.
Waliomba cheti cha baba yao mkubwa, cha kesi ya shamba.
Nikaandika. Nikagonga muhuri. Nikapokea shilingi mia.
Kisha mmoja, akikunja karatasi:
"Na mwenyewe yuko wapi siku hizi?"

Sikusema neno.
Mbele ya Sakramenti naapa, sikusema neno.
Niliangalia mlango wa stoo.
Kidogo tu, kama mtu anavyoangalia saa.

Sasa ukutani padre anaulizwa lilelile.
Nimeshika kiti kwa mikono miwili.
Simwangalii mdomo, namwangalia macho.
Kabati liko kushoto kwake.
Usiangalie. Usiangalie, baba.
Anatazama vifungo vya koti la afisa,
anavihesabu, kimoja, kimoja,
pua inamtiririka na haifuti

stima ikapotea.

Ukumbi mzima ukaguna.
"Alitoa?" mtoto akauliza gizani. "Sista, alitoa?"
Sista akasema ngojeni, mimi pia nimesahau.

Nilitoka. Ofisi naijua bila taa.
Kitabu cha saba, kwa tochi ya simu:
Tomasi Tsuma Mramba. Wazazi. Msimamizi.
Kipaimara. Ndoa.
Safu ya mwisho, Kifo: tupu.
Miaka kumi na mmoja naikwepa kwa kidole
kama shimo la barabarani.
Polisi waliponihoji nilisema sikumwambia mtu kitu,
wakaandika, na ilikuwa kweli.

Umeme ukarudi. Kutoka ukumbini ikaja sauti,
watu wote kwa pamoja, aaah,
na aaah haina upande:
ndiyo hiyohiyo mtu akiokoka, mtu akipigwa.
Sikwenda kuona.

Nilifungua kalamu. Niliandika tarehe.
Mweusi mno, wino huu.
Yeyote atakayefungua ukurasa
atajua umeandikwa juzi.